Usinga wa Mzee Enos

Inspekta Debora Mwandu alipiga chafya juu ya kielelezo, akapiga tena, na ya tatu ikamwagia Koplo Pastory chai mapajani. Hakuna mwongozo wa upelelezi unaoruhusu jambo hilo. Alifunga mfuko wa nailoni haraka, akajifuta pua kwa leso, akaukodolea macho ule mfuko.

Ndani mlikuwa na kishungi cha nywele nyeusi, ndefu na ngumu, kilichofungwa kwa uzi mwekundu wa cherehani. Kilikamatwa Bunda, kwenye boksi la kazi la mwanamke anayeitwa Recho, mfungaji wa nzi.

Nzi wenyewe si hawa wa chooni. Ni wa bandia. Ndoana ndogo inabanwa kwenye jiliwa, inazungushiwa uzi, nyoya la shingo la jogoo na nywele kidogo za mabawa, mpaka samaki aamini ni mdudu aliyedondoka majini. Samaki anayedanganywa hivyo anaitwa trauti, anaishi kwenye mito ya baridi ya milimani, huko Rungwe na kwingineko. Ziwani Musoma hayupo. Pale Makoko kuna karakana ya akina mama wanaofunga nzi wa kumvulia samaki ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumkaanga, na wateja wanasema nzi wao hawana mpinzani. Dunia ina mambo yake.

Sasa Recho alikuwa amekwenda kwenye hoteli moja ya watalii, njia ya Bunda, kuwaonyesha wageni anavyofunga. Mgeni mmoja akauliza mabawa yale meusi ni nywele za nini. Recho akajibu kwa majivuno kabisa kwamba ni za mkia wa nyumbu. Meza ya pili alikuwa ameketi Gody, afisa wa wanyamapori, akinywa chai. Chai hiyo hakuimaliza.

Kukutwa na nyara za serikali bila kibali si kesi ya mchezo. Mtu anaingia gerezani kijana, anatoka amezeeka. Jalada lilitakiwa kwa wakili wa serikali kesho yake asubuhi, na Recho alikuwa na mtoto anayenyonya. Wenzake walikuwa wanamleta kituoni kila akilia, anyonyeshwe mbele ya askari, halafu anarudishwa Makoko. Kituo kizima kilishachoka kumsikia akilia wakati wa kuondoka.

"Ugoro," Debora alisema.

"Nini, afande?"

"Nywele hizi zimejaa ugoro. Huyu mama anaimba kwaya, hajawahi hata kunusa sigara. Ugoro ni wa nani?"

Pastory alikuwa bado anakung'uta suruali. "Jangili mzee?"

"Labda. Twende tukamuulize."

Walimkuta Recho chumba cha mahojiano, amekaa kwenye ncha ya benchi. Alikuwa mwanamke mwembamba, vidole vina alama ndogondogo za ndoana.

"Recho, nywele hizi ulizipata wapi?"

"Nilishasema, afande. Ni za nyumbu."

"Sijauliza za mnyama gani. Nimeuliza wapi."

"Nilizipata tu."

"Kuna mtu anakuuziaga?"

"Hakuna."

"Ulipewa?"

"Hapana."

"Basi ulichukua."

Recho akatazama sakafu. Debora akauweka mfuko juu ya meza, mbali na pua yake.

"Mume wako anatumia ugoro?"

"Hapana. Ameokoka."

"Baba yako mzazi?"

"Alishafariki."

"Baba mkwe?"

Recho alivuta kitenge kutoka mabegani, akajifunika kichwa chote, akateremka kwenye benchi akakaa sakafuni. Pastory alidhani amezimia, akanyanyuka. Debora akamzuia.

Debora naye ni mke wa watu. Ana nyota begani, lakini akifika kwa wakwe zake hakalii kiti cha mzee, hagusi fimbo yake, na jina la mzee huyo hajawahi kulitamka hata akiwa peke yake bafuni. Kwa hiyo hakuhitaji kutafsiriwa. Huyu mama alikuwa radhi aende jela kuliko watu wajue amegusa kitu cha mkwe wake.

"Sikuulizi jina," Debora alisema taratibu. "Nauliza anakaa wapi."

"Butiama," kitenge kikajibu.

"Mwenzangu, umejitia kwenye balaa kwa ajili ya heshima."

"Usimwambie, afande. Nakuomba. Nifungeni tu."

Kabla ya Butiama walipitia Makoko. Debora hapendi kuzungumza juu ya kitu ambacho hajakiona kikitengenezwa. Mwenye karakana alikuwa Selestina, mama mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na mtoto wa Recho mgongoni. Wafungaji walikuwa kimya. Kwa kawaida chumba kile husikika mpaka barabarani.

"Nifungie nzi mmoja kama anavyofunga Recho," Debora alisema.

Selestina akabana ndoana kwenye jiliwa. Akaizungushia uzi kuanzia mbele kurudi nyuma, akatengeneza kiwiliwili, akalaza nywele chache juu yake zielekee mkiani, akazikaza. Ni nywele za mkia wa ndama, alisema, Recho ndiye aliyebuni hizo nyingine. Akazungusha nyoya la jogoo mbele ya mabawa, nyuzinyuzi zikasimama pande zote. Halafu akafunga kichwa, fundo juu ya fundo, na kumalizia akachukua kichupa cha rangi ya kucha isiyo na rangi, akadondosha tone.

"Hii ya nini?"

"Kuziba. Maji hayaingii tena. Nzi anaweza kuchakaa mwili mzima, kichwa kikabaki vilevile."

"Na huyu mweusi wa Recho, wateja wanampenda?"

Selestina alipandisha miwani, akaiteremsha. "Tulituma wachache Rungwe. Malalamiko hayakosekanagi, afande, wateja ni watu." Akageuka kumbembeleza mtoto ambaye hakuwa analia. Debora aliliona hilo, akaliweka akiba.

"Ukikumbuka kitu, nipigie. Hata kama unaona aibu."

Barabara ya Butiama ilikuwa nzuri. Nyumba ya mzee ilikuwa kati ya majabali, na juu ya majabali yale watu walikuwa wameanika mihogo. Mzee Enos alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni, koti la suti juu ya shati la kitenge. Mkononi alikuwa na usinga mweusi, mrefu, wenye mpini wa ngozi ulioshonewa shanga. Aliupunga, nzi wawili wakahama. Debora akawaza kwamba nywele zinazofukuza nzi hapa ndizo zinazotengeneza nzi kule Makoko, akabana mdomo asicheke.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mmekuja na gari la serikali, basi si salamu tu."

"Si salamu tu. Usinga wako mzuri."

Mzee akanyoosha mgongo. Ilionekana sifa hiyo huwa anapewa, na huwa anapenda kupewa. "Huu ni wa babu yangu. Mkia wa nyumbu. Wazee wa hapa wote wananijua kwa huu. Kikao hakianzagi kabla sijaupunga."

"Una uhakika ni nyumbu?"

"Mwanangu, utaniuliza kama nina uhakika na jina langu?"

Akatoa kopo la ugoro mfukoni, akanusa, akapangusa vidole kwenye nywele za usinga. Debora akarudi hatua moja nyuma. Halafu aliomba auangalie, na mzee akampa kwa shingo upande. Katikati ya mkia, upande wa ndani, kishungi kilikuwa kimekatwa kwa mkasi mkali, sawasawa. Mtu asiyetafuta asingepaona.

Hapo kesi ilikuwa imekamilika, na Debora hakuipenda hata kidogo. Mwanzo alikuwa na mtuhumiwa mmoja anayenyonyesha. Sasa alikuwa nao wawili, wa pili akiwa mzee wa watu, na amekiri mwenyewe mbele ya koplo bila kulazimishwa.

Alimweleza yote. Hakutaja jina la Recho, alisema "yule mama wa Makoko," na mzee akaelewa. Usinga ukalala mapajani mwake.

"Aliugusa?"

"Aliugusa. Alikata kidogo. Anaona aibu kuliko anavyoogopa jela."

Mzee Enos akaitazama mihogo. "Ana mtoto mdogo," alisema.

"Anaye."

"Basi nifungeni mimi. Usinga ni wangu. Yeye hajaua nyumbu, na mimi sijaua, lakini mwenye mali ni mimi. Mimi hata nikifia huko nimeshakula chumvi. Yule mtoto atanyonya nini?"

"Sheria haibadilishani watu, mzee. Mtaingia wote."

Simu ya Debora ikaita. Alikuwa Selestina, sauti yake ndogo.

"Afande, ulisema hata kama naona aibu. Kuna ujumbe wa sauti, umetoka Rungwe, kwa Baltazari, yule anayeongoza wageni kuvua. Niliuficha kwa sababu niliona unatuharibia jina. Nakutumia."

Debora akauweka ujumbe kwa sauti ya juu. Baltazari alikuwa mtu wa maneno mengi na nyuma yake mto ulikuwa unanguruma.

"Mama Selestina, huyu nzi wenu mweusi kaniaibisha, halafu kaniokoa. Asubuhi yote trauti wanampita kama hawamwoni. Baadaye naona anachuja, maji yanatoka meusi, nikasema nimeuziwa takataka. Mabawa yamebaki rangi ya kutu, kichwa tu ndiyo cheusi. Basi hapo ndipo walipoanza kumgombania. Mgeni wangu amefurahi mpaka kanikumbatia. Sasa nawaombeni, mnitumie wa hivyohivyo, lakini waliokwisha kuchuja."

Pastory alicheka. Debora hakucheka. Alirudisha ujumbe nyuma, akausikiliza tena kuanzia kwenye maji meusi.

Kichwa kilibaki cheusi kwa sababu rangi ya kucha iliziba ncha za nywele zilizofungwa hapo. Hilo alikuwa ameliona kwa macho yake. Mabawa hayakupakwa chochote, yakachuja. Nywele za mnyama wa porini hazichuji. Nyumbu ananyeshewa mvua tangu azaliwe na mkia wake uko palepale.

"Mzee, usinga huu umewahi kuoshwa?"

"Usinga hauogi."

"Mvua imewahi kuupiga?"

"Nauwekaga ndani ya koti."

"Naomba beseni la maji."

Mzee Enos aliukumbatia usinga. "Unataka kufanya nini?"

"Mzee, nikwambie ukweli. Kama huu ni wa nyumbu, naondoka na wewe sasa hivi na yule mama hatoki. Kama si wa nyumbu, wazee wenzako watasikia kwamba miaka yote umewapungia kitu kingine. Naweza kuuchukua kwa nguvu, nina mamlaka. Lakini nakuomba."

Jogoo aliwika nyuma ya nyumba. Mzee alitazama usinga wake, akapitisha kidole kwenye shanga.

"Lete beseni," akamwambia Pastory. "Liko jikoni. Sabuni iko dirishani."

Maji yalianza kuwa kijivu, yakawa meusi, na povu likawa chafu mno kutazamika. Debora alisugua kwa vidole. Aliponyanyua usinga, nywele zilikuwa rangi ya udongo mwekundu, na mahali pengine nyeupe kabisa. Akachukua wembe, akafungua mishono ya ngozi kwenye mpini. Chini ya ngozi, ambako rangi haikufika hata kidogo, nywele zilitoka kwenye mkia zikiwa na mabaka mekundu na meupe.

"Ng'ombe," Pastory alisema.

"Ng'ombe," Debora alisema, na akajikuta amekaa chini kwenye kizingiti bila kukaribishwa. "Asante Mungu, ni ng'ombe."

Mzee Enos aliyatazama maji ya beseni mpaka yalipotulia. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wa babu uliliwa na mchwa. Niliukuta unga mtupu. Huu nilinunua mnadani Bunda, kwa kijana mmoja, Samwel. Akaniapia ni nyumbu. Niliona ni heri kununua kuliko kukaa mikono mitupu mbele ya watu."

"Huyo Samwel yupo bado?"

"Yupo. Mnada ni leo."

Walimkuta kwenye kivuli cha turubai pembeni ya zizi la mnada, amepanga mikanda, viboko vya ng'ombe na singa nyeusi kwenye kamba. Gody alishafika, amepigiwa simu, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala vizuri. Samwel aliona sare za polisi na sare za wanyamapori pamoja, akaanza kukusanya vitu.

"Kaa chini," Debora alisema. "Huyu mzee unamjua?"

"Simjui."

"Anasema ulimuuzia mkia wa nyumbu."

"Mimi? Nyumbu? Afande, mimi nyumbu namwonaga kwenye kalenda."

"Kwa hiyo mzee huyu anasema uongo? Gody, sheria ya kuuza mkia wa nyumbu inasemaje?"

Gody akataja sheria, akataja na kifungo. Ungeweza kumwona Samwel akipiga hesabu usoni.

"Subirini kwanza," alisema. "Nimemkumbuka. Ni kweli nilimuuzia. Lakini haukuwa wa nyumbu, afande. Ulikuwa wa ng'ombe. Mimi ni tapeli, si jangili. Naombeni mwandike hivyo, tapeli."

"Thibitisha."

Hakuna mtu aliyewahi kuthibitisha utapeli wake kwa bidii namna ile. Alitoa ndoo chini ya meza, ndani mna masizi, piko na mafuta ya mgando, akachovya mkia mwekundu mbele ya mashahidi, akauning'iniza ukidondosha matone meusi. Akaonyesha mikia mingine aliyonunua machinjioni. Akaeleza kwamba siku hizi anazidisha masizi kuliko piko, ndiyo maana rangi inatoka mkia ukilowa, na hilo anawaombea radhi wateja wote. Gody alipekua mizizi ya nywele mkia baada ya mkia, akaweka kishungi cha Recho juu ya kiganja, akalowanisha kwa maji ya chupa. Kiganja kikawa cheusi, nywele zikabaki nyekundu.

"Si nyara," Gody alisema. Akakaa kwenye kigoda cha Samwel bila kuomba. "Inspekta, yule mama alikiri mwenyewe. Ningefanyaje? Dada yangu ana mtoto wa umri huohuo."

"Uliandika alichosema. Sasa andika ulichoona."

Gody akaandika, akasaini, akaandika pia kwamba usinga hauhitajiki tena na urudishwe kwa mwenyewe. Samwel alibaki na askari wa Bunda kueleza habari za wateja wengine, na aliwafuata kwa hiari, akigeukageuka kumuuliza Pastory kama kweli wameandika tapeli.

Njiani kurudi Musoma Mzee Enos alikaa kiti cha nyuma, usinga mwekundu uliolowa umelazwa juu ya gazeti.

Jua lilikuwa bado juu walipofika. Recho alitolewa, akapewa mkanda wake na viatu, na Selestina akamkabidhi mtoto palepale kaunta. Mtoto alinyamaza. Askari wa zamu akasema "afadhali," na hakuna aliyemkemea.

Recho alitoka barazani, akamwona mkwe wake amesimama karibu na benchi. Akajifunika kitenge, akageukia ukuta. Mzee naye akageukia upande wa barabara. Kati yao kulikuwa na hatua chache, na ndani ya hizo hatua alikuwa amesimama Koplo Pastory, asiyejua aende wapi.

"Koplo," mzee alisema, akitazama barabara, "mwambie huyo mama kwamba usinga ni wa ng'ombe."

Pastory alimtazama Debora. Debora akamwonyesha kwa kidevu aendelee.

"Mzee anasema usinga ni wa ng'ombe."

"Mwambie baba nimesikia," Recho aliuambia ukuta. "Mwambie nilikosa kuugusa. Anisamehe."

"Anasema..."

"Nimesikia. Mwambie ungekuwa wa nyumbu ningekasirika, tungekasirika wote gerezani. Mwambie nimeshukuru sana kudanganywa."

Mabega ya Recho yalianza kutikisika. Debora hakujua kama analia au anacheka, na pengine Recho mwenyewe hakujua.

Mzee Enos akauweka usinga juu ya benchi, katikati, akarudi nyuma mbali nao. "Mwambie kuna samaki huko Rungwe wanaupenda ukishachuja. Huu umeshachuja. Akate wote. Na akimaliza, ng'ombe wangu wana mikia."

Pastory alifungua mdomo, akaufunga, maana Recho alishageuka nusu.

"Mwambie baba," Recho alisema, sauti imekauka, "na wazee wakija kwenye kikao, atashika nini?"

Mzee alitazama mikono yake yote miwili, akaikunjua.

"Mwambie wakija anipe mjukuu nimpakate."